Kilemba Amelala Ubavu

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imekolea na nyumba yetu ya Mkomani haijapata hata nafasi ya kupoa usiku, nilimkuta Kilemba amelala ubavu juu ya changarawe za tangi. Kilemba ni samaki wa dhahabu wa aina ya oranda, mwenye kinundu chekundu cha nyama kilichofunika kichwa chake kama kilemba cha bwana harusi, nami nilimpenda kuliko wenzake wawili, Kaniki aliye mweusi tii na Zafarani ambaye jina lake limekwisha kueleza rangi yake. Nilipogonga kioo kwa ukucha aliinuka, akapiga mkia mara tatu nne, akapanda hadi katikati ya maji, kisha akaacha kupiga mkia na kushuka polepole kama jani la mkungu, ubavu ukitangulia.

Naandika habari hii kwa urefu kwa sababu kwa muda wa siku nne nilimtibu samaki huyu maradhi ambayo hakuwa nayo, tena kwa uhakika wote wa mtu aliyekwisha kusoma kurasa tatu za intaneti. Baadaye nimewasikia watu kadhaa hapa Lamu, na mmoja wa Malindi, wakisimulia kisa kilekile kwa samaki wengine, na karibu wote walianza pale nilipoanzia mimi, yaani kwenye bondo.

Bondo ni ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki, chini ya uti wa mgongo, ambao wafanyabiashara wa Ziwa Victoria huutoa kwa sangara, wakaukausha na kuusafirisha hadi Uchina. Kwa samaki aliye hai kazi yake ni kumsawazisha na maji, ili aweze kutulia kwenye kina anachokitaka bila kupiga mapezi muda wote. Si kila samaki analo. Papa hana bondo, naye hutegemea ini lake kubwa lenye mafuta, ambayo ndiyo sifa ile wanayopaka mafundi wa majahazi wa Matondoni kwenye mbao za vyombo. Chewa analo, lakini limefungwa pande zote, na ndiyo maana akivutwa kwa mshipi kutoka kina kirefu hufika juu amevimba, pengine tumbo limemtoka kinywani, kwa kuwa hewa iliyotanuka haina mlango wa kutokea upesi. Samaki wa dhahabu ameumbwa kwa namna nyingine: bondo lake lina vyumba viwili vinavyofuatana, na chumba cha nyuma kina mrija mwembamba unaokwenda hadi kwenye umio, hivi kwamba anaweza kumeza hewa juu ya maji akaiongeza humo, au akaitoa kwa kinywa anapotaka kushuka.

Sasa mchukue samaki huyu, ambaye kwa asili ni mrefu na mwembamba, umzalishe kwa kumchagulia wazazi kwa karne nyingi kama walivyofanya Wachina, hadi awe wa mviringo kama yai, mkia umegawanyika mara mbili kama kanga iliyotandazwa. Utumbo wake haukupungua kwa kadiri tumbo lilivyofupika, na bondo lake nalo limebanwa humo humo, chumba cha nyuma mara nyingi kikiwa kidogo au kimepinda. Kwa hiyo ni kweli kwamba oranda na ndugu zake hupata matatizo ya kuelea kuliko samaki wa umbo la kawaida, na ni kweli kwamba samaki wa namna hii aliyekula chakula kikavu kupita kiasi anaweza kufunga choo, utumbo ukalisukuma bondo, akapinduka. Ukweli huo ndio ulionipoteza. Nilikuwa na samaki wa mviringo, naye haogelei sawasawa. Ningetafuta nini tena?

Nikafuata dawa inayojulikana. Siku mbili na nusu sikumpa chakula. Siku ya tatu nikachemsha njegere, nikazimenya ganda, nikamkatia vipande vidogo na kumdondoshea mbele ya mdomo, naye akazitazama kama mtu anavyotazama barua ya deni. Siku ya nne asubuhi alikuwa amebaki pale pale kwenye changarawe, mapezi yamebanwa mwilini, na nikaanza kufikiria haluli, ile chumvi ya kuendeshea tumbo inayopatikana madukani.

Mjomba wangu alipita alasiri ya siku hiyo baada ya swala. Amevua kwa mshipi tangu ujana wake na hajawahi kuficha maoni yake kuhusu samaki wa kutazamwa, lakini alivuta kiti, akakaa mbele ya tangi kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, nami nikawa namweleza habari za bondo na mrija na njegere. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia, "Wamtazama huyu mmoja tu. Na hawa wawili je? Na mai umeyatazama?"

Nilimjibu kwamba maji ni safi, mjomba, ona yanavyong'aa. Akasema mai ya bahari nayo yang'aa na hayanyweki.

Niliwatazama wale wawili. Kaniki alikuwa juu kabisa, pembeni mwa mapovu ya pampu, mdomo ukigusa uso wa maji, na alikuwa hapo, nilipokumbuka vizuri, tangu Jumatano. Nilikuwa nimedhani anasubiri chakula ninachomnyima mwenzake. Zafarani alikuwa akipita juu ya jiwe moja na kila baada ya dakika chache hujigeuza kwa ghafla na kujikwaruza ubavu juu yake, hata pakaonekana mmeto wa rangi ya chungwa. Samaki watatu walikuwa wanaogelea vibaya kwa namna tatu tofauti, nami nilikuwa nimemwona mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameanguka.

Laiti ningejua jambo moja tu kabla ya siku hiyo, ningechagua hili: dalili ikimshika samaki mmoja, anza kumtazama huyo samaki, lakini zikiwashika wote kwa wakati mmoja, hata kama kila mmoja anaugua kwa mtindo wake, tazama maji kwanza. Kufunga choo hakuambukizi, na mabondo matatu hayaharibiki katika wiki moja.

Kipimo cha maji kilikuwa kabatini. Nilikinunua pamoja na tangi na sikukigusa tangu nilipofaulu kipimo cha kwanza. Nikatia matone kwenye kijichupa, nikasubiri, na rangi ambayo ingepaswa kubaki njano ikawa kijani cha majani ya mchicha. Amonia ilikuwa miligramu 2 kwa lita. Nitriti haikuwapo bado. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho 7 ndiyo katikati yake, ilikuwa 8.2, na kipimajoto kilisoma nyuzi 29.

Hapa inanibidi nieleze kidogo namba hizo, kwa kuwa ndizo zinazotofautisha tangi la Lamu na matangi ya nchi za baridi ambako sehemu kubwa ya ushauri tunaousoma hutoka. Amonia hutoka kwenye matamvua ya samaki na kwenye kinyesi na chakula kilichooza, nayo majini huwa katika sura mbili zinazobadilishana: moja isiyo na madhara makubwa, na nyingine inayopenya kwenye matamvua, ikayachoma na kuvuruga neva. Kinachoamua ni kiasi gani kitakuwa katika sura ile ya sumu ni pH na joto. Katika maji yenye pH 7, hata kwenye joto letu, haifiki asilimia 1. Katika maji ya pH 8.2 na nyuzi 29 inakaribia sehemu moja ya kumi. Visima vyetu vimechimbwa katika mchanga na mawe ya matumbawe, na mimi kwa kupenda urembo nilikuwa nimeongeza vipande vya tumbawe ndani ya tangi, kwa hiyo maji yangu ni magumu na pH yake haishuki. Samaki wa dhahabu hachukii maji hayo hata kidogo. Anaishi humo kwa raha zake. Ila siku amonia inapotokea, kipimo ambacho kwingine kingemfanya akose hamu ya kula kinamlaza ubavu. Juu ya hayo, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: yale ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 kwa lita, na ya nyuzi 30 hushika 7 na nusu, wakati ambapo samaki mwenyewe, mwili ukiwa umechangamka kwa joto, anahitaji zaidi.

Amonia hiyo ilitoka wapi ghafla katika tangi la lita 120 lililokaa salama miezi kumi? Jibu lilikuwa juu ya paa. Siku tano kabla ya Jumanne ile niliitoa sponji ya chujio, nikaiona chafu, nikaiosha kwa maji ya kisima hadi ikawa kama mpya, kisha nikaianika juani juu ya dari, karibu na kamba ya nguo, tangu asubuhi hadi magharibi. Kuosha kwenyewe hakukudhuru, kwa kuwa maji ya kisima chetu hayatiwi klorini. Kilichoua ni jua. Ule uchafu wa kahawia niliouonea kinyaa ulikuwa na bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na makali, na viumbe hao hawawezi kukauka siku nzima wakabaki hai. Niliirudisha sponji nyeupe, safi, iliyokufa.

Matibabu hayakuwa na ufundi. Nilitoa nusu ya maji jioni hiyo na kuweka mengine yenye joto lilelile, nikarudia kila siku kwa siku sita, nikapunguza chakula hadi kidogo sana, nikaongeza jiwe la pili la hewa, na nikaelekeza feni kwenye uso wa maji usiku, jambo ambalo lilishusha joto kwa nyuzi 2 hivi kwa njia ileile inayopoza maji ya mtungi. Siku ya pili Kaniki aliacha kuhema juu. Siku ya tatu Zafarani aliacha kujikwaruza. Kilemba aliinuka siku ya nne, akasimama wima kwenye maji, akazunguka tangi mara moja na kurudi alipokuwa, lakini safari hii akiwa ameketi kwa tumbo.

Kulikuwa na wimbi la pili, kama kawaida ya tangi linaloanza upya. Katika wiki ya tatu amonia ilishuka na nitriti ikapanda, nayo hufanya kazi kwa njia nyingine: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, matamvua yakawa na rangi ya hudhurungi, samaki akahema ingawa mapovu yamejaa tele. Kwa hilo chumvi ya kawaida husaidia, si kwa kuwa inaua kitu chochote, bali kwa sababu kloridi iliyomo hushindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua na kuizuia kuingia. Nilitia gramu 1 kwa kila lita. Hadi vipimo vyote viwili vikarudi sifuri zilikuwa zimepita wiki tano.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kusoma namna samaki anavyoogelea kwa utaratibu, na kila ninayemweleza hutaka kuruka moja kwa moja hadi mwisho, kwenye dawa. Jambo ninalolitazama kwanza, baada ya kupima maji, ni mahali samaki anapokwenda anapoacha kujitahidi. Samaki anayeogelea ni mwongo. Misuli yake inaficha kosa la bondo. Mngojee achoke. Ikiwa anapoacha kupiga mkia anapanda juu kama kizibo, hewa imezidi mahali fulani, ama ndani ya bondo ama ndani ya utumbo. Ikiwa anazama, hewa ni pungufu, au bondo limejaa majimaji, au kuna kitu kizito kinachomvuta, au hana nguvu kabisa, na hilo la mwisho ndilo lililompata Kilemba. Nilikuwa nimeona anazama na kusema bondo, bila kujiuliza kwa nini samaki mwenye tatizo la kuelea tu awe amebana mapezi na kukosa hamu ya kula. Mara nyingi samaki ambaye kosa lake ni la kuelea peke yake huwa na hasira na njaa. Anapigana. Anapinduka, anajirekebisha, anakimbilia chakula akiwa kichwa chini. Aliyelala akakubali kulala ana jambo lingine.

Halafu natazama sehemu gani ya mwili inainuka. Mkia ukipanda na kichwa kikining'inia, kasoro iko nyuma, aghalabu kwenye utumbo au chumba cha nyuma cha bondo. Akilalia ubavu mmoja daima, upande uleule, nashuku uvimbe au jeraha la upande huo. Akizunguka kama pia, au akaogelea kwa duara huku akigongana na kioo, hilo si la bondo hata kidogo. Ni la ubongo, au la sikio la ndani ambamo kila samaki hupata hisia ya juu na chini, na linaweza kuletwa na bakteria, na vimelea, na sumu, na pigo la kichwa. Kujikwaruza ni kwa ngozi na matamvua: vimelea wa madoa meupe, minyoo midogo ya matamvua, au maji yanayochoma. Kuhema juu ni kwa oksijeni, iwe imekosekana majini au imeshindwa kuingia mwilini.

Nahesabu pia pumzi. Kifuniko cha matamvua kinapofunguka na kufunga ni pumzi moja, na dakika moja ya kuhesabu haigharimu kitu, mradi uwe umekwisha kuhesabu siku ambayo samaki ni mzima. Kilemba akiwa salama katika nyuzi 26 hufika karibu 80. Siku ile ya nne ya ugonjwa wa Januari, nilipoketi na mjomba, alikuwa amepita 130, akiwa amelala bila kusogea.

Ugonjwa wa bondo wenyewe ulikuja mwezi wa Julai, kusi ikivuma na maji yakiwa ya nyuzi 25, nao ulikuwa tofauti kiasi kwamba niliona haya kwa kuchanganya ule wa kwanza nao. Kilemba alikula adhuhuri punje kavu za chakula, nyingi kuliko haki yake kwa kuwa Kaniki ni mpole, na saa moja baadaye mkia wake ulikuwa juu na uso ukielekea changarawe. Alipojitahidi alishuka, alipoacha alipanda, na ukingo wa mgongo ukatokeza nje ya maji. Wenzake walikuwa wazima. Amonia sifuri, nitriti sifuri. Pumzi 84. Kila nilipokaribia alinijia akitaka chakula, akijipindua njiani kama mtoto mwenye viatu vya babake. Nilimfungisha siku mbili, nikapunguza maji ya tangi kwa theluthi ili safari ya kushuka iwe fupi, nikampa njegere siku ya tatu, naye akatoa kinyesi kirefu chenye viputo vya hewa, na kufikia Ijumaa alikuwa sawa. Sidai kwamba njegere ndiyo iliyomponya. Kufunga pekee huenda kungetosha, na nadhani sifa za njegere zimekuzwa na watu wanaopenda kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yao wakati samaki anapona mwenyewe. Lakini nilibadilisha chakula: sasa ninalowesha punje kabla ya kuziweka, nawapa majani zaidi, na nawalisha kidogo mara mbili kwa siku chini ya maji badala ya kuwatupia juu, ili wasimeze hewa.

Tahadhari moja kwa aliye na samaki anayeelea muda mrefu: sehemu ya mgongo inayotokeza nje hukauka na kutoa vidonda, na vidonda hivyo humwua kabla ya bondo. Uso wa maji usiachwe kutulia, na samaki akiguswa aguswe kwa mkono uliolowa.

Mwezi wa Julai huo nilijifunza pia kumtazama samaki kutoka juu, na hilo nililipata si kwenye kitabu bali kwenye nyumba ya bibi yangu. Katika nyumba za mawe za mji huu birika la chooni lilikuwa na samaki wadogo, waliowekwa ili wale viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika fundi aliweza kujengea bakuli la kauri ya Kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kujihifadhi. Hakuna kioo pembeni. Ukitaka kumjua samaki wa birika unainama na kumtazama mgongoni. Tangi la kioo limetuzoesha kumwona samaki ubavuni tu, na kutoka ubavuni huwezi kujua kama tumbo limevimba upande mmoja. Sasa namhamishia mgonjwa kwenye beseni jeupe lenye maji ya tangi lenyewe, na namtazama kutoka juu kwenye mwanga wa ua. Uti wa mgongo uliopinda unaonekana hapo. Uvimbe wa upande mmoja unaonekana hapo. Na juu ya yote yanaonekana magamba: yakisimama pande zote kama tunda la mvinje lililokauka, mwili umejaa maji kwa sababu figo zimeshindwa, na kupinduka kwake ni jambo la mwisho katika mlolongo mrefu.

Jibu la hakika la hali ya bondo hutolewa na picha ya eksirei, ambayo huonyesha hewa kama doa jeusi lenye mipaka, na daktari akaona kama vyumba viko viwili, viko mahali pake, na vina ukubwa gani. Hapa Lamu tuna bahati ya madaktari wa punda, na sijathubutu kumpelekea mmoja wao beseni.

Kwa Zafarani sikuhitaji eksirei. Mwishoni mwa Agosti alianza kuzunguka, kwanza duara pana, baadaye duara la upana wa sahani, na jicho la kushoto likatokeza nje. Maji yalikuwa safi kwa vipimo vyote na wenzake hawakuwa na dosari. Jirani mmoja kwa nia njema alinishauri nifungue vidonge viwili vya antibiotiki za binadamu na kuvimwaga tangini, kama alivyofanya yeye, na hili nalikataa kwa maneno makali kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Hujui ni bakteria gani, hujui kipimo, dawa iliyoyeyushwa majini mara nyingi haifiki ndani ya mwili wa samaki kwa kiasi cha kutosha, na inachofikia kwa hakika ni wale bakteria wa chujio, ukarudi Januari yangu. Nilimtenga kwenye ndoo yenye pampu. Aliacha kula. Siku ya tano hakuweza tena kujua juu ni wapi, akawa anajipigiza chini, nami nikamlaza usingizi kwa mafuta ya karafuu yaliyotikiswa vizuri ndani ya maji ya chupa, nikimmiminia polepole hadi mapezi yakatulia, kisha nikazidisha kipimo na kumwacha humo muda mrefu baada ya pumzi ya mwisho. Ugonjwa wake sikuupatia jina.

Kilemba ameendelea, ingawa hakurudi kuwa mnyoofu. Ameinamia kushoto kidogo, kama jahazi lililopakiwa vibaya, na akishiba mkia hupanda kwa saa moja hivi kabla ya kushuka. Nimeyaondoa matumbawe yenye makali ili asijichane anapogusa chini, na nimeushusha mdomo wa chujio ili mkondo usimsukume. Sponji siku hizi huisuuza ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, nikaikamua mara mbili, nikairudisha ikiwa bado ya kahawia. Wiki iliyopita mjomba alikuja tena, akavuta kiti kilekile, akamtazama Kilemba kwa ubavuni, kisha akainuka na kumtazama kwa juu, akaniuliza ana uzito gani. Nilimwambia hajawahi kupimwa. Akasema ni wa kukaanga mmoja, na akaomba chai.